Gari la spoti au hachibeki kali? Mwongozo kwa mnunuzi wa Dar, na namna ya kumpima mchambuzi wa magari kabla hujamwamini

Jioni niliyochukua Toyota Celica yangu, gari la spoti, yadi, niliendesha vizuri tu kutoka Mwenge mpaka Salasala. Lami ilipokwisha, kwenye tuta la kwanza karibu na kijiwe cha bodaboda, nikasikia sauti kama ya mtu anayeburuza sufuria kwenye sakafu. Gari likasimama. Kijiwe kizima kikageuka. Kijana mmoja akainama, akamulika kwa simu chini ya bampa, akasema, "Kaka, umelala juu ya tuta. Rudi nyuma pole pole, ukilazimisha unaacha sampo ya oili hapa."

Nilikuwa nimetazama video zaidi ya arobaini kabla ya kulipa. Wazungu, Wajapani, vijana wetu wa hapahapa. Hakuna aliyetaja tuta. Wala hawakunidanganya: kila mmoja alieleza ukweli wa barabara anayopita yeye. Mimi ndiye niliyeuchukua nikauleta Salasala.

Wakati huohuo shemeji yangu wa Kimara alikuwa na hachibeki, Toyota Runx ya Z, ile yenye gia sita za mkono. Wengi hawajui kwamba Runx hiyo na Celica SS-II wanatumia injini moja, 2ZZ-GE ya lita 1.8, nguvu za farasi 190 kwa vipimo vya Japani. Hata umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni uleule, sentimita 260. Kwa miaka miwili tuliishi na moyo mmoja kwenye miili miwili, na karibu yote nitakayoeleza humu nimejifunza kwa kufananisha magari hayo.

Hatua ya 1: Jua unafananisha nini

Gari la spoti limechorwa kuanzia kiti cha dereva. Abiria na mizigo wamepewa kilichobaki. Hachibeki kali ni gari la nyumbani ambalo kiwanda kimelipatia injini, breki na shokapu za kazi, halafu kikauacha mlango wa nyuma uleule wa kuingizia gunia. Volkswagen walipoitoa Golf GTI mwaka 1976 ilikuwa na injini ya lita 1.6 na farasi 110, kwenye mwili wa kilo mia nane na ushei. Walipanga kutengeneza magari 5,000 tu. Toleo lile la kwanza likaishia kuuzwa zaidi ya magari 460,000, na viwanda vingine vikafuata: Peugeot na 205 GTI, Honda na Civic Type R, Suzuki na Swift Sport.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuhesabu farasi. Chukua uzito wa gari, gawa kwa farasi. Toyota 86 ya mwaka 2012 ina farasi 200 na kilo kama 1,230, yaani kila farasi mmoja anavuta kilo sita na kidogo. Swift Sport ya 2017 ina farasi 140 tu, lakini ina kilo 970, kwa hiyo farasi wake anavuta kilo karibu saba. Tofauti yao ni ndogo kuliko watu wanavyobishana. Halafu njoo GR Yaris ya 2020: farasi 272 kwa toleo la Japani, kilo 1,280, kila farasi chini ya kilo tano. Kigari cha milango miwili na buti, na 86 hailioni hata vumbi lake.

Kwa hiyo kama unataka spoti kwa sababu ya mbio, unaweza kuwa unapanga foleni kwenye duka lisilo lako. Na mbio zenyewe utazipeleka wapi? Magari mengi ya Kijapani yaliyotengenezwa kwa soko la kwao yamefungwa yasivuke kilomita 180 kwa saa. Kwenye makazi yetu sheria ni 50, tochi zipo, na faini unaijua.

Kinachotofautisha kweli ni jinsi gari linavyokaa mkononi. Kwenye 86 au Mazda MX-5 umekaa chini, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, ya mbele yana kazi moja tu ya kugeuka. Usukani unakuwa mwepesi na mkweli. Kwenye hachibeki nyingi kali magurudumu ya mbele yanavuta na kugeuza kwa wakati mmoja. Ukikanyaga sana ukitoka kwenye kona, usukani unataka kwenda unakotaka wenyewe. Raha ya 86 na MX-5 ni tamu sana, sitakudanganya. Ila inahitaji kona, na Dar kona za maana ni chache. Vilima vya Goba vina chache, barabara ya Pugu kwenda Kisarawe ina nyingine, na ukitaka kushiba inabidi ufunge safari mpaka Mombo upande Lushoto.

Celica yangu, kwa taarifa yako, ilikuwa inavuta kwa mbele kama Runx. Spoti kwa sura. Na hili nililijua kabla ya kununua, nikajifanya silijui.

Hatua ya 2: Pima njia yako kabla ya kupima gari

Hatua hii ni ya bure na inaokoa pesa kuliko zote, ila watu wanairuka kwa sababu haina raha.

Tafuta tuta baya kuliko yote unayopita kila siku. Siyo la barabara kuu; ni lile la mtaani ambalo wananchi wamelijenga wenyewe kwa zege na hasira. Chukua mbao ndefu iliyonyooka, mita tatu hivi, na vipande vinne vya tofali. Tafuta kwenye karatasi ya vipimo vya gari unalolitaka namba mbili: kimo cha tumbo kutoka ardhini, na umbali kati ya magurudumu. Toyota 86 kwa vipimo vya Japani ina sentimita 13 na 257. Panga vipande vya tofali vifike sentimita 13, viwili upande huu wa tuta na viwili upande wa pili, viachane sentimita 257 na tuta liwe katikati. Laza mbao juu yake. Ikigusa tuta, gari litagusa. Isipogusa, toa sentimita mbili au tatu nyingine kwa ajili ya abiria na mizigo, kisha tazama tena.

Nilifanya hivyo na tuta letu baada ya kuchelewa tayari. Mbao ilikaa juu ya zege kama ubao wa kukatia nyama. Jirani alipita akauliza kama napima kiwanja.

Usidhani hachibeki inapona moja kwa moja. Swift Sport ya 2017 iko sentimita 12 kutoka ardhini, chini ya 86. Kinachoisaidia ni kwamba magurudumu yake yako karibu zaidi, sentimita 245, hivyo tumbo lina nafasi fupi ya kukalia tuta. Angalia pia pua: gari lenye bampa refu mbele ya gurudumu linagusa kabla hata tairi halijafika. Celica ilikuwa na pua ndefu. Runx ya shemeji pua fupi. Tuta lilelile yeye alipita akiwa na watu wanne, mimi nikiwa peke yangu nilipita kwa mshazari, tairi moja moja, huku bajaji nyuma yangu wananipigia honi.

Baada ya matuta, hesabu foleni. Andika kwa wiki moja unatoka saa ngapi na unafika saa ngapi. Mtu wa Tegeta anayefanya kazi Posta ana maisha tofauti na mtu wa Masaki anayefanya kazi Masaki. Gia za mkono na klachi ngumu ni raha Jumapili asubuhi kwenye Daraja la Tanzanite. Jumatatu saa mbili kasoro pale Morocco ni mateso ya goti la kushoto. Halafu joto. Injini yenye tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inapenda hewa baridi, na mchambuzi aliyeijaribu Uingereza mwezi wa Novemba aliipa hewa hiyo. Hapa ni nyuzi 32, AC imewashwa, na umesimama. Tabo hiyohiyo itaamka na uzito ambao hukuuona kwenye video.

Masika nayo: uliza kama njia yako inajaa maji. Gari la chini lenye mdomo wa kuvuta hewa karibu na bampa haliogelei.

Hatua ya 3: Mpime mchambuzi

Hapa ndipo nitakaa sana, maana hapa ndipo nilipoumia.

Watu huuliza mchambuzi yupi ni mkweli. Swali hilo halikufikishi popote, kwa sababu wakweli ni wengi na bado hawakufai. Uliza hivi: huyu anaona ninachokiona mimi? Na njia ya kulijibu ni rahisi. Tafuta alichosema kuhusu gari ambalo wewe umeliendesha kwa miaka.

Mimi kabla ya Celica nilikuwa na IST kwa miaka mitano. Naijua kama kiganja changu. Najua mipira inayoshika injini ikichoka, ukisimama kwenye taa huku AC imewashwa, gari linatetemeka mpaka kioo cha katikati kinakuonyesha magari mawili badala ya moja. Baada ya hasara ya Celica nikakaa usiku mmoja nikitafuta wachambuzi waliowahi kuizungumzia IST. Nikapata sita. Wanne walisoma karatasi ya kiwanda kwa sauti nzuri. Wa tano alikuwa anachekesha, nikacheka, nikasonga mbele. Wa sita, kijana asiye na watazamaji wengi, aliiwasha AC, akasimama, akaweka chupa ya maji juu ya dashibodi, akasubiri. Maji yakatetemeka. Hakusema neno kwa sekunde kumi hivi. Huyo ndiye ninayemfuata mpaka leo, hata anapochambua magari ambayo sijawahi kuyagusa.

Fanya hivyo na gari lako, liwe Vitz, Carina, Subaru au Noah. Mchambuzi akilielezea na ukajikuta unaitikia peke yako sebuleni, macho yake yako karibu na yako. Akilisifia jambo ambalo wewe unajua ni kero, usimtukane, zima tu.

Baada ya hapo, mambo mengine ya kuyaangalia.

Gari alilolijaribu limetoka wapi? Viwanda vikubwa huwaazima waandishi magari mapya kabisa, huwasafirisha kwenda kwenye uzinduzi na kuwapangia siku ya kutoa habari. Hilo si rushwa, ni utaratibu wa biashara hiyo duniani kote, lakini maana yake gari lile limekaguliwa mpaka bolti ya mwisho. Mwaka 2011 mwandishi wa magari Mwingereza, Chris Harris, aliandika waziwazi akidai kwamba Ferrari huyaandaa kwa namna ya pekee magari wanayowapa waandishi kuyapima. Ikiwa mambo hayo yanabishaniwa huko juu, wewe unayenunua gari la mwaka 2006 kutoka mnadani Japani usitegemee lifanane na la kwenye video.

Toleo ni lipi? Hili linawapiga wengi. Civic Type R ya kizazi cha EP3 ilitengenezwa Swindon, Uingereza, kwa masoko yote mawili. Ile ya Uingereza ilikuwa na farasi 200. Iliyopelekwa Japani ilikuwa na farasi 215 pamoja na difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure. Umbo moja, jina moja, tabia mbili kwenye kona. Sisi magari yetu mengi yanatoka Japani, kwa hiyo sifa au lawama ya Mwingereza huenda ni ya ndugu yake. Na kumbuka magari ya Kijapani ya miaka ya 1990: viwanda vyao vilikubaliana visitangaze zaidi ya farasi 280, makubaliano yaliyodumu mpaka 2004. Ndiyo maana kila gari kali la enzi hizo linasema 280, na mchambuzi anayebishana kwa namba hiyo anabishana na tamko la adabu.

Namba zimepimwaje? Wamarekani hupima kutoka sifuri mpaka maili 60, ambazo ni kilomita 96 na nusu, siyo 100. Tena magazeti yao mengi huanza kuhesabu baada ya gari kusogea futi moja, jambo linalopunguza kama theluthi ya sekunde. Ukichukua namba ya Mmarekani kwa gari la spoti na namba ya Mzungu wa Ulaya kwa hachibeki, spoti limeshinda kabla halijawashwa. Hata kwenye njia ya mbio ya Nürburgring kule Ujerumani, ambako viwanda vinagombania rekodi za magari yanayovuta kwa mbele, kuna maandishi madogo: Honda walitangaza dakika 7 na sekunde 43.8 mwaka 2017, halafu 2023 wakatangaza 7 na 44.88 kwa gari jipya. Limezidiwa? Hapana. Zamani walipima kilomita 20.6, sasa wanapima mzunguko mzima wa kilomita 20.8.

Matairi gani? Tairi linaweza kubadilisha gari kuliko injini. Toyota 86 ilitoka kiwandani katika masoko mengi ikiwa na tairi aina ileile iliyowahi kuvikwa Prius, makusudi, ili mgongo uteleze kidogo kwa mwendo mdogo na dereva afurahi. Gari utakaloliona yadi hapa limevaa tairi la bei nafuu lililokutwa kwenye rafu. Kwa hiyo mchambuzi akisema linashika barabara au linateleza, anasema habari za tairi lake. Hasa kwenye lami yetu mvua ya kwanza ya vuli inapochanganyika na mchanga na mafuta ya daladala, ambapo gari linalosukuma kwa nyuma halitaki utani.

Lugha yake ina maana gani kwao? Mchambuzi wa Ulaya akisema springi zimekaza kidogo lakini unazoea, tafsiri yake ya Goba ni mgongo. Akisema siti za nyuma zinafaa kwa safari fupi, mama mkwe wako hataingia. Akisema kelele za tairi zinasikika barabara kuu, simu utakuwa unapiga ukiwa umesimama.

Na sisi wenyewe? Kuna vijana wazuri hapa Dar, na kuna wengine ambao video inaishia na namba ya simu ya yadi. Hilo ni tangazo, na tangazo si dhambi, ila lihesabu hivyo. Dalili ninayoiangalia ni moja: je, aliwahi kuinama akachungulia chini ya gari? Anayezunguka akionyesha taa na rimu kwa dakika kumi na mbili bila kulala chini hata mara moja anauza.

Mwongeze mmoja wa kigeni anayetenganisha mambo. Mmarekani Doug DeMuro, kwa mfano, hutoa alama mia moja, nusu ni za wikendi kama mbio na raha, nusu ni za kila siku kama starehe, ubora na manufaa. Simkubali kila mara, lakini ule mgawanyo ni dhahabu: soma nusu ya kila siku kwanza. Wachekeshaji wa aina ya Jeremy Clarkson wa televisheni ya Uingereza nawapenda kwa chakula cha jioni, siyo kwa kununua.

Mwisho wa hatua hii, kumbuka mchambuzi hukaa na gari wiki moja. Mwenye gari hukaa miaka sita. Tafuta malalamiko ya wamiliki yanayojirudia. Lalamiko moja ni la mtu, lilelile mara ishirini ni la gari.

Hatua ya 4: Nenda kwa fundi na kwenye spea kabla ya kwenda yadi

Andika spea saba: bampa la mbele, taa, shokapu, klachi, diski za breki, sensa ya oksijeni, bushi za mbele. Zunguka nayo Ilala na Gerezani asubuhi moja. Usiulize bei tu. Uliza ipo hapa au inaagizwa. Kwa Runx, bampa lilikuwa linaning'inia ukutani. Kwa Celica muuzaji aliniangalia, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mzee mmoja wa duka la nyuma, mzee akasema, "Hiyo subiri kontena." Nilisubiri miezi mitatu, bampa limefungwa kwa kebo.

Kwa fundi, uliza magonjwa ya injini kwa jina. Machache ninayoyajua:

2ZZ-GE ina kemu ya pili, ile nundu inayosukuma valvu zifunguke zaidi, inayoingia kazini karibu na mizunguko 6,000 kwa dakika. Zile za mwanzo zina bolti zinazolika, na zikilika kemu hiyo haiingii tena. Gari litaendelea kutembea vizuri, ila umenunua farasi ambao hawatoki bandani.

Golf GTI ya kizazi cha tano na cha sita ikiwa ya otomatiki ya klachi mbili, ni ile ya gia sita yenye klachi zinazoogelea kwenye mafuta, na mafuta hayo hubadilishwa kila kilomita 60,000. Uliza ushahidi. Kizazi cha sita usisahau tenshona ya taiming cheni, kifaa kinachoikaza cheni ya injini. Ile ya mwanzo ikichoka cheni inaruka, na injini inakwenda nayo. Ukiwasha asubuhi ukasikia mlio wa cheni kwa sekunde chache, ondoka.

Mazda RX-8 ni nzuri kuitazama na kiti chake kinakukumbatia. Lakini injini yake ya rotari inakunywa oili kwa kuumbwa, haipendi kuwashwa na kuzimwa kwa safari fupi, na kompresheni yake inahitaji kifaa chake cha kupimia. Kwa mtu wa foleni za Mandela, siipendekezi hata ikiwa ya bure.

86 za mwanzo, zile za 2012 na 2013, ziliitwa kiwandani kwa ajili ya springi za valvu. Uliza kama kazi hiyo ilifanyika. Swift Sport ndiyo isiyo na hadithi ndefu, labda ndiyo maana haizungumzwi.

Angalia pia kifuniko cha tangi. Magari mengi ya aina hii yanataka petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vyao huanzia okteni 96. Ya kawaida huanzia 89. Uliza kituo unachojaza wanauza ya namba gani.

Hatua ya 5: Kodi na bima

Kama unaagiza mwenyewe, ingia kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kabla hujatuma hata senti. Vitu viwili vinapandisha hesabu: injini inayovuka cc 2,000, na umri wa gari ukishafika miaka minane, na zaidi ukivuka kumi. Ndiyo maana 86 yenye lita 2.0 inakaa upande mzuri wa mstari, na Fairlady Z ya lita 3.5 iko ng'ambo. Bima chukua kubwa. Kwa gari ambalo bampa lake linasubiri kontena, bima ndogo ni kamari.

Hatua ya 6: Lijaribu gari kwenye maisha yako

Dalali atakupeleka kwenye lami tambarare. Mwambie hapana, twende kwangu. Akikataa, umeshapata jibu.

Fika asubuhi, injini iwe baridi, gusa boneti. Likiwa la moto, limewashwa kukufichia kitu. Washa AC kabla hujaondoka na usiizime. Pita kwenye foleni makusudi, dakika ishirini za simama-tembea, ukiangalia mshale wa joto. Kisha tuta lako, ukiwa na watu wanne ndani. Siyo wewe na dalali. Mimi sasa huenda na mke wangu na watoto wawili, na mke wangu hukaa nyuma, maana yeye ndiye atakayesema ukweli.

Kwenye 2ZZ, injini ikishapata joto, tafuta mahali pa wazi na salama, gia ya kwanza inatosha: vuta mpaka uvuke 6,000. Sauti ikibadilika ghafla kama mtu amefungua mlango wa disko, kemu iko hai. Isipobadilika, shusha bei au shuka wewe.

Halafu paki. Fungua mlango kama ungefungua Kariakoo, gari jingine likiwa karibu. Milango mirefu ya magari ya milango miwili inahitaji nafasi ambayo mji huu hauna. Toka. Ingia tena. Toka. Ukiguna mara ya tatu, una umri wa hachibeki, kama mimi.

Mwisho mpeleke fundi wako, siyo wa dalali, alinyanyue na kulisoma kwa kompyuta.

Hatua ya 7: Amua

Kama mbao yako haikugusa tuta, una gari jingine la nyumbani, na wikendi zako ni zako, chukua spoti, na chukua linalosukuma kwa nyuma. Usinunue sura kama nilivyonunua mimi. Kama gari ni moja tu nyumbani, hachibeki. Sina la kuzunguka hapo. Kati ya hachibeki, kama bajeti ni ya kawaida ningeenda Swift Sport au Runx ya Z iliyotunzwa. Golf GTI kama una fundi anayezijua kweli na siyo anayejifunzia kwako.

Celica niliiuza kwa kijana mmoja wa Mbweni, hajaoa, na lami inafika getini kwake. Kabla hajalipa nilimpeleka kwenye tuta letu nikamwonyesha namna ya kulipita kwa mshazari. Wale wa kijiweni walisimama kumtazama.

Runx ya shemeji bado ipo. Mwezi uliopita tulimrudisha mama mkwe Kisarawe, yeye siti ya mbele, gunia la mkaa na kuku wawili kwenye buti wakati wa kurudi. Tulipoacha makazi shemeji akanipa usukani. Kwenye kilima cha kwanza niliivuta gia ya pili, mshale ukapita 6,000, sauti ikafunguka, kuku wakapiga kelele nyuma.

"Ndiyo ileile," shemeji akasema.